Kukava kesi: kazi ya muuza vyuma vya mifupa ndani ya thieta

Mtu wa mtaani akisikia "kesi" hufikiria mahakama. Thieta, kesi ni upasuaji mmoja. Kukava kesi ni pale muuza vifaa tiba anapofuatana na bidhaa yake hadi ndani ya thieta, kuhakikisha kila kipande kinachohitajika kipo na timu inajua kukitumia. Anayehamia kazi hii kutoka wadi au duka la dawa hudhani ataishi kwa ulimi wake. Kwenye vyuma vya mifupa, yaani mabamba na skrubu za kuunga mfupa uliovunjika, ulimi hufungua mlango tu. Kinachouza ni trei isiyopungua kitu.

Hospitali nyingi hazinunui seti nzima. Seti ya bamba la nyonga ina mabamba ya matundu tofauti, skrubu za kila urefu, drili, vipimo na bisibisi, na mgonjwa mmoja hutumia bamba moja na skrubu chache. Kwa hiyo kampuni huazimisha seti, hospitali ikalipia kilichobaki mwilini. Nyingi za seti hizo hukaa Nairobi, kilomita 480 hivi kutoka hapa Mombasa. Kesi ya Jumatano asubuhi basi huanza Jumatatu: seti ifike saa 24 hadi 48 kabla, na kama hospitali iko Diani na gari linapitia feri ya Likoni, weka na foleni yake kwenye hesabu.

Ikifika, inahesabiwa mbele ya sista anayeipokea, saizi kwa saizi, hati ikatiwa sahihi. Kisha inaoshwa, inafungwa na kuingia otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke. Mashine inayovuta hewa kwanza hufanya kazi kwa nyuzi joto 134 kwa dakika 3 au 4, ila mzunguko mzima ni mrefu zaidi kwa sababu ya kukausha, na kukausha ndiko watu hukatiza wakiwa na haraka. Pakiti ikitoka na maji haihesabiki kuwa safi, kwani unyevu huwapa vijidudu njia ya kupenya kitambaa. Inarudiwa mwanzo. Trei nzito nayo hukauka vibaya, ndiyo maana isipite kilo 11 hivi. Ukizidi, gawa mara mbili. (Na usikubali vyuma vilowekwe jik. Klorini hutoboa vishimo kwenye chuma cha pua, kisha hewa ya bahari humalizia.)

Ndani, chukua mfano wa mzee aliyevunjika shingo ya paja, anayewekewa bamba la pembe ya nyuzi 135 lenye skrubu kubwa inayoteleza. Waya wa mwongozo wa milimita 2.5 unaingizwa, eksirei inathibitisha umekaa katikati, urefu unapimwa. Hapa ndipo macho yako yanapohitajika. Kwa seti nyingi za aina hii, kipimo kikisoma 95, rima (drili pana inayopita juu ya waya) inawekwa 85 na skrubu ni ya 85, yaani unapunguza milimita 10 ili ncha isitoboe hadi kwenye kiungo. Lakini fuata mwongozo wa seti iliyo mezani, si wa ile ya mwaka jana. Rima ikitoka inaweza kuvuta waya nje. Daktari akiwa hakuona, njia imepotea. Waya ukiwa umepinda, rima inaweza kuusukuma ndani hadi kwenye nyonga, kwa hiyo eksirei hupigwa tena wakati wa kutoboa. Halafu bamba linashikwa na skrubu za milimita 4.5, drili yake 3.2. Nesi akinyoosha mkono kwenye 2.5, unasema taratibu, "Sista, hiyo ni ya skrubu za 3.5," basi.

Unasema, hushiki. Muuza vifaa haingii kwenye eneo lililotakaswa, hamgusi mgonjwa, hafungui skrubu kwa mkono wake. Kalamu ya leza inatosha kuonyesha kipande kwenye trei. Kuamua kama bamba liwe la matundu manne au sita ni kazi ya daktari, hata akikuuliza mara tatu. Wewe mwambie kilichopo. Eksirei ikiwaka, vaa aproni ya risasi na urudi nyuma: umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi inayokufikia hushuka hadi robo.

Kesi za kutoa chuma cha zamani ndizo huaibisha wageni. Skrubu ya 3.5 yenye kichwa cha pembe sita hufunguliwa na bisibisi ya 2.5, ya 4.5 na bisibisi ya 3.5, lakini zipo zenye kichwa cha nyota, na bisibisi isiyolingana hula kichwa kikabaki laini. Omba picha ya eksirei mapema, ulizia chuma kiliwekwa wapi na lini, kisha beba seti ya kung'olea skrubu zilizoharibika.

Wanaoingia kwa urahisi ni wauguzi wa thieta, maofisa wa kliniki wa mifupa na waliosomea uhandisi wa vifaa tiba. Wauguzi wana faida: wanajua kukaa kimya thieta.

Kesi ikiisha, orodha ya vilivyotumika inasainiwa, vibandiko vya namba za toleo vinabandikwa kwenye faili la mgonjwa, na ofisi inafuatilia LPO, hati ya hospitali ya kuagiza ununuzi. Vyombo vinaoshwa kabla havijarudi kwenye gari. Mashimo matupu kwenye rafu ya skrubu yanajazwa jioni hiyohiyo, maana seti hiyo huenda inasubiriwa Malindi kesho.