Nuno Álvares Pereira hakuwa mwana wa mfalme: namna ya kusoma uhusiano wa mwinyi wa Ureno na kasri

Tangu dawati letu la nyaraka lianze kupokea insha za wanafunzi na waandishi wa kujitolea kuhusu Ureno ya zama za kati, insha zinazomhusu Nuno Álvares Pereira, mwinyi aliyekuwa amirijeshi wa Ureno, ndizo tunazozirudisha kwa wingi zaidi, na malalamiko ya wanaorudishiwa yameongezeka kiasi kwamba tumeonelea tutoe ufafanuzi mmoja kwa wote. Tunaamini kwa dhati kwamba wahusika wana nia njema. Hata hivyo, kuandika kwamba alikuwa mwana wa mfalme, au kwamba alikuwa nahodha aliyetia nanga Mombasa, si suala la kutofautiana mitazamo. Nuno alifariki mwaka 1431, na meli za kwanza za Wareno zilifika Mombasa Aprili 1498.

Kosa la kwanza lina chanzo kinachoeleweka. João, Bwana Mkuu wa Shirika la Avis (shirika la watawa wapiganaji), ambaye Nuno alimpigania na ambaye baadaye akawa Mfalme João I, ndiye aliyekuwa mwana wa mfalme, tena wa nje ya ndoa, aliyezaliwa na Mfalme Pedro I mwaka 1357. Nuno naye alizaliwa nje ya ndoa, mwaka 1360, lakini baba yake alikuwa Álvaro Gonçalves Pereira, mkuu wa Shirika la Hospitali, nalo la watawa wapiganaji, huko Crato, mtu aliyefungwa na nadhiri ya useja na ambaye masimulizi ya kale yanamhesabia watoto 32. Msomaji anayekutana na vijana wawili wa nje ya ndoa katika ukurasa mmoja huwachanganya. Tunaomba asiwachanganye.

Uhusiano wa Nuno na kasri ulianza kwa karatasi kabla haujawa wa ana kwa ana. Mwaka 1361, Nuno akiwa mtoto wa mwaka mmoja hivi, Mfalme Pedro I alitoa hati ya kumhalalisha. Hapa inafaa kueleza utaratibu, kwa kuwa wengi huuruka. Mtoto wa aina hiyo hakuwa na haki ya kushika heshima na vyeo vilivyowapasa waungwana halali, na ni mfalme aliyekuwa na uwezo wa kuiondoa kasoro hiyo kwa neema yake. Ombi lilipelekwa, mfalme akikubali hati iliandikwa na kutiwa mhuri, nakala ikaingizwa katika daftari la ofisi ya mhuri wa mfalme, na mwenye hati akabaki na ya kwake. Asiyekuwa na hati hakuwa na la kuonyesha. Kwa hiyo mnapoandika kwamba Nuno "alipendwa na mfalme tangu utotoni", tunauliza swali lile lile kila mara: kwa hati ipi? Hii ya 1361 ipo, na inatosha, mapenzi hayahitajiki.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipelekwa katika kasri la Mfalme Fernando I, wakati jeshi la Castilla, ufalme jirani, lilikuwa likipita karibu na Santarém kuelekea Lisbon. Masimulizi yanaeleza kwamba yeye na kaka yake Diogo walitumwa kulichungulia jeshi hilo, na waliporudi Malkia Leonor Teles akaamua kumtawaza kijana huyo kuwa askari wake mwungwana kwa mkono wake mwenyewe. Deraya ya kumtosha haikupatikana, kwa kuwa deraya zilizokuwapo zilifuliwa kwa vifua vya watu wazima. Ikabidi kuazima ya João wa Avis, ambaye naye alikuwa kijana wa miaka kama 16. Nuno akatawazwa ndani ya vazi la chuma la mtu ambaye miaka 12 baadaye angekuwa mfalme wake. Tukio hili halina mhuri, nasi kwa kawaida hatulipi uzito tunaoipa hati, lakini linaonyesha jambo ambalo hati hazilionyeshi: kulelewa katika kasri maana yake ilikuwa kufahamiana na watu wa rika lako kabla hamjajua nani atamtumikia nani.

Yaliyofuata yanajulikana, na hatutayarudia kwa kirefu. Fernando alikufa Oktoba 1383, binti yake pekee akiwa mke wa mfalme wa Castilla, hivyo taji lilielekea kuangukia huko. Tarehe 6 Desemba João alimuua Conde Andeiro, mwinyi aliyekuwa kipenzi cha Malkia Leonor Teles, ndani ya kasri. Nuno akaenda upande wa João, huku kaka zake wawili, Pedro na Diogo, wakibaki upande wa Castilla. Aprili 1385 mkutano wa Coimbra ulimtangaza João kuwa mfalme, na Nuno akapewa cheo cha Condestável, yaani amirijeshi wa mfalme. Hakuwa wa kwanza kukishika. Cheo kiliundwa na Fernando mwaka 1382 na kupewa Álvaro Pires de Castro. Tarehe 14 Agosti 1385 ulipiganwa mpambano wa Aljubarrota dhidi ya Castilla, na kaka yake Pedro alifia upande wa pili.

Jambo ambalo wengi hawaliandiki, na ambalo ndilo kiini cha uhusiano wake na kasri, ni adhabu waliyopewa wengine. Mwinyi aliyemwasi mfalme alipoteza ardhi, mapato na cheo, navyo vikarudi mikononi mwa mfalme, ambaye alikuwa huru kumpa mwingine kwa hati mpya. Hivyo Ourém, iliyokuwa ya Andeiro aliyeuawa, ikawa ya Nuno. Barcelos, iliyokuwa ya João Afonso Telo, kaka wa malkia yule yule aliyemtawaza, ikawa ya Nuno. Arraiolos, iliyokuwa ya amirijeshi aliyemtangulia, nayo ikawa yake. Mkiandika kwamba alikuwa "tajiri wa kuzaliwa", someni tena aya hii.

Vilevile tunawaomba wale wanaohitimisha kwamba mfalme na amirijeshi hawakuwahi kukosana wafuatilie yaliyotokea vita vilipopungua. Nuno aligawa sehemu kubwa ya ardhi alizopewa kwa wenzake wa vitani, kwa sharti kwamba wamtumikie kwa idadi fulani ya askari. Washauri wa mfalme, akiwamo mwanasheria João das Regras, walipinga: mfalme alikuwa na watoto wa kuwapa, na mgao ulikuwa umekwisha. Uamuzi ukawa kwamba mfalme azinunue ardhi hizo na kwamba watu wenye kiapo cha kijeshi wawe wake yeye tu, si wa mwinyi yeyote. Nuno alikasirika hadi akakusanya watu wake kwa nia ya kuihama nchi, na mfalme akalazimika kutuma wajumbe mpaka yakaisha. Mwaka 1434 Mfalme Duarte aliweka kanuni hiyo ya baba yake katika sheria, inayoitwa Lei Mental: ardhi ya taji isigawanywe, irithiwe na mwana halali wa kiume mkubwa, isiende kwa binti.

Kuna tahadhari moja ya kitaalamu. Mwaka 1459 madaftari ya zamani ya ofisi ya mhuri yalifupishwa chini ya usimamizi wa Gomes Eanes de Zurara, na mengi ya asili yakatupwa. Kutoiona hati hakuthibitishi kwamba haikuandikwa. Msitumie hoja hiyo dhidi yetu, tafadhali, tumeshaletewa.

Kuhusu pwani yetu, uhusiano upo, ila ni wa ukoo. Mwaka 1401 binti yake pekee, Beatriz, aliolewa na Afonso, mwana wa João I aliyezaliwa nje ya ndoa, na kutoka kwao ikatoka nasaba ya Bragança. Binti yao Isabel alimzaa Beatriz mwingine, naye akamzaa Manuel I, mfalme aliyemtuma Vasco da Gama mwaka 1497. Mfalme huyo basi ni kilembwe cha Nuno. Fort Jesus ilipoangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698, aliyekuwa akitawala Lisbon ni Pedro II, wa nasaba hiyo hiyo ya Bragança. Hayo mnaweza kuyaandika bila kurudishiwa insha.

Mwaka 1423 Nuno aliingia nyumba ya watawa Wakarmeli ya Carmo mjini Lisbon, aliyoijenga mwenyewe, baada ya kuwagawia wajukuu Ourém na Arraiolos. Kanisa Katoliki lilimtangaza Mtakatifu tarehe 26 Aprili 2009, na picha zake nyingi ni za mtawa aliyeachana na dunia. Masimulizi yanasema alitaka kuomba chakula mlango kwa mlango, na kwamba Duarte, wakati huo mrithi wa taji, alikwenda kumzuia. Akakubali kuishi kwa posho kutoka kwa mfalme. Duarte huyo huyo, alipotawala, alimlipa Fernão Lopes, mtunza nyaraka wa Torre do Tombo, hazina ya nyaraka za taji, reais 14,000 kwa mwaka aandike habari za wafalme wa Ureno, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Nuno imetoka katika kalamu hiyo.