Nani hasa aliizamisha Graf von Götzen?

Kaa bandarini Kigoma, utaambiwa kwamba Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, enzi ikiwa ya Wajerumani na ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na mizinga ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Si kweli. Boti zao, Mimi na Toutou, ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, tarehe 26 Desemba 1915. Februari 1916 zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, na nadhani hapo ndipo wasimuliaji wanapochanganya meli. Götzen hawakupigana nayo; kamanda wao, Spicer-Simson, aliiona akaikwepa.

Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, walipoona Kigoma inawaponyoka. Mafundi walitangulia kuzipaka injini grisi nzito. Meli iliyopigwa vitani haipati nafasi hiyo! Ndiyo maana ilipoibuliwa mwaka 1924 ilifaa kutengenezwa, ikarudi kazini 1927.

Anayetaka kuhakikisha aanze na majalada ya ADM 137 ya jeshi la majini la Uingereza, yaliyoko Kew, London, kisha ayalinganishe na kumbukumbu za kijeshi za Wajerumani kule Freiburg. Atazame kwanza tarehe na mahali chombo kilipokuwa. Masimulizi ya makamanda wenyewe yasubiri.