Je, wajua kwa nini Kiingereza hakikubali mguu usio na mwenyewe?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Kiingereza rasmi hakipendi vimilikishi, yaani maneno kama "my" na "his", na kwamba dawa ni kuvifuta tu. Basi nikafuta. Ripoti yangu moja ikatoka na sentensi "He broke leg". Masikioni mwangu ilikuwa safi, maana Kiswahili husema "alivunjika mguu" na hakuna anayeuliza ni wa nani.

Hata hilo la kutopendwa lilikuwa uvumi. Mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), unaofuatwa sana katika saikolojia, unamruhusu mwandishi kujitaja kwa "I" na "we"; basi "my" na "our" zitakatazwaje? Kinachochosha ni wingi wa vimilikishi, wala si kuwepo kwake. Nilichokosea mimi ni kuacha pengo.

Nomino ya Kiingereza ina kiti kimoja mbele yake, na "my", "his", "the", "a" na "this" wote wanakigombea. Nomino ya umoja inayohesabika, kama "leg", kwa kawaida haiondoki kiti kikiwa kitupu: akishuka "his", sharti apande mwingine. Ndiyo maana "a my friend" haiwezekani. Abiria ni wawili, kiti kimoja, kwa hiyo "my" anahamia nyuma na kugeuka "mine": "a friend of mine". Kiswahili huwapakia wote, "rafiki yangu huyu mmoja", na hakuna anayelalamika. (Zamani Kiingereza nacho kilibanana: Biblia ya King James ya mwaka 1611 ina "this my son".)

Nomino za wingi zina nafuu, kwani kiti chao chaweza kubaki wazi. Tazama "The manager sent his report to his colleagues from his office". Ikipunguzwa: "The manager sent a report to colleagues from the office". Vimilikishi vitatu vimeondoka, na ni viwili tu vilivyohitaji mbadala. Lakini "a report" si sawasawa na "his report". Kama ripoti yenyewe ilikwisha kutajwa, afadhali "the".

Viungo vya mwili ndivyo vikaidi zaidi. "He broke the leg" humfanya msomaji afikirie mguu wa meza. Ila ukisema "She took him by the hand", "the" inatosha, kwa kuwa mwenye mkono ameshatajwa kwa "him". Hapo ukiweka "his" sarufi haivunjiki, lakini mwenye mkono atakuwa ametajwa mara mbili.