Mizani ya Brennus: siku Warumi walipojikomboa kwa dhahabu

Ukitoka kituo cha treni cha Termini, Roma, unakutana na kipande cha ukuta wa mawe ya rangi ya manjano iliyofifia. Unaitwa ukuta wa Servius, kwa jina la mfalme wa karne ya 6 KK, lakini mawe yenyewe yanakana. Mengi yametoka kwenye machimbo ya Veii, mji ambao Warumi hawakuuteka hadi mwaka 396 KK. Uliojenga ukuta huu si ufalme, ni woga.

Woga huo ulianzia kwenye kijito cha Allia, kilomita 16 hivi kaskazini mwa Roma, tarehe 18 Julai. Kwa hesabu ya Warumi ulikuwa mwaka 390 KK, ingawa wanahistoria wengi leo husema 387 au 386. Wagallia, watu wa Kikelti kutoka kaskazini, wa kabila la Senones, chini ya kiongozi wao Brennus, walikuwa wakiuzingira Clusium, mji wa Italia ya kati. Roma ikatuma wajumbe wa ukoo wa Fabius kusuluhisha, na wasuluhishi hao wakashika silaha na kupigana. Wagallia walipodai wakabidhiwe, Warumi wakawachagua watu walewale kuwa majemadari!

Mwanahistoria wa Kirumi Livius anasimulia kwamba majeshi yalipokutana Allia, la Roma lilitimka karibu bila kupigana. Wengine walizama mtoni Tiber, wakilemewa na deraya zao. Waliokimbilia Roma walipanda moja kwa moja hadi ngome ya Capitolium, hata malango ya mji hawakuyafunga. Wagallia walipoyakuta wazi, walisita wakidhani ni mtego.

Habari ya mabata bukini wa mungu wa kike Juno waliopiga kelele usiku na kuiokoa ngome inajulikana mno, sitaisimulia hapa. Kwangu mizani ndiyo muhimu zaidi. Roma ilikubali kulipa ratili 1,000 za dhahabu ili Wagallia waondoke. Warumi walipolalamika kwamba mawe ya kupimia yamezidishwa uzito, Brennus aliutupa upanga wake juu ya mawe hayo, akasema: "Ole wao walioshindwa!"

Livius, aliyeandika karibu miaka 400 baadaye, anamleta Camillus, jemadari wa Kirumi, papo hapo, dhahabu ikiwa bado inapimwa, na adui anafukuzwa. Ni simulizi tamu, lakini Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyemtangulia Livius, hamtaji Camillus hata kidogo. Kwake Wagallia walipatana na Warumi kwa sababu Waveneti, watu wa kaskazini-mashariki mwa Italia, walikuwa wamevamia nchi ya Wagallia; basi Wagallia wakarudi kwao na nyara zao zote. Mimi namwamini Polybius. Mshindi hahitaji kujizungushia ukuta wa kilomita 11.

Tarehe 18 Julai ikabaki siku ya mkosi katika kalenda ya Roma. Hazina ya mji nayo ilikuwa na fedha zilizowekewa laana: zisiguswe ila kwa vita na Wagallia. Mwaka 49 KK Julius Caesar alizichukua kwa vita vyake dhidi ya Warumi wenzake. Mwanahistoria Appianus anaeleza jibu la Caesar: Wagallia nimeshawamaliza, laana imekwisha.