Mkono mdogo hauombi bastola ndogo

Kila darasa jipya la wanawake ninalofungua kwenye uwanja wa kulenga shabaha huwa na angalau mmoja aliyefika na kibastola cha kupotelea kiganjani. Kimechaguliwa na mume, kaka au muuzaji, na maelezo ni yale yale: "Mwalimu, mikono yake ni midogo, ndiyo maana tukamtafutia ndogo." Mama wa watu anafyatua risasi chache, anakitua mezani na kujikanda kiganja, na aliyemleta ananiambia kwa upole kwamba labda bunduki si mambo ya wanawake. Wiki hii nimeambiwa hivyo tena. Naandika ili safari ijayo nimpe mtu makala asome kabla hajaenda dukani.

Bastola ndogo ndiyo ngumu kuliko zote kupiga. Imeundwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kujua kupiga na anayelazimika kuificha chini ya nguo nyepesi. Risasi ya 9mm hutoka na msukumo ule ule iwe ndani ya bastola nzito au nyepesi. Kinachobadilika ni uzito unaoupokea msukumo huo. Punguza uzito wa silaha kwa nusu, nishati ya teke lake, yaani inavyokurudia mkononi, inakuwa mara mbili. Glock 19 iliyojaa risasi ina gramu 855 hivi. Ruger LCP, mojawapo ya zile za mfukoni, ni kama gramu 270 ikiwa tupu, na ijapokuwa hutumia risasi ya .380 ambayo ni dhaifu kuliko 9mm, hukurupuka mkononi vibaya sana. Tena mpini wake ni mfupi mno: kidole kidogo kinaning'inia hewani, na mkono wa pili unakosa mahali pa kushika. Mwanamke mwenye kiganja kidogo anahitaji sana huo mkono wa pili. Umnyang'anye nafasi yake halafu useme umemsaidia?

Kuna na hii ya kwamba .380 ni "risasi ya kina mama." Hebu tazameni bastola yenyewe kabla ya risasi. Walther PPK, ya tangu 1931, ikipiga .380 haina kitu kinachofunga mtutu na slaidi, kile kifuniko cha juu kinachorudi nyuma kila unapopiga, pamoja wakati wa mlipuko. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi peke yake, kwa hiyo springi lazima iwe kali. Matokeo yake ni mawili, na yote yanamwangukia mwenye mkono dhaifu: kuikoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie, ni kazi, na teke lake ni la ghafla, linachoma pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Glock 42, iliyotoka 2014, inatumia risasi hiyo hiyo, lakini mtutu na slaidi vimefungana na kurudi nyuma pamoja kwa kipande kifupi kabla ya kuachana, na springi yake ni laini zaidi. Risasi ni moja, mkononi ni vitu viwili tofauti kabisa. Nimeona mabinti wakipiga PPK na baadaye Glock 19 ya 9mm, wakaniuliza kama nimewabadilishia risasi nikaweka zilizo dhaifu zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kinachoamua kama bastola inakutosha ni umbali kutoka mgongo wa mpini hadi usoni pa triga. Unene wa mpini unahusika kwa sababu unauongeza umbali huo. Urefu wa mtutu hauhusiki hata kidogo.

Hupimwa hivi. Bastola iwe tupu: magazini (kasha la risasi) nje, chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) umeitazama na kuipapasa kwa kidole, na mtu wa pili ameihakikisha. Elekeza mahali salama. Shika kwa mkono mmoja, ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa ya mgongo wa mpini, na mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa kigasha. Bila kuuzungusha mkono, weka kidole kwenye triga. Ikiwa triga imekaa katikati ya nyama ya pingili ya kwanza, umeipata. Ikiwa unaigusa kwa ncha tu, karibu na ukucha, hiyo si yako, hata kama inapendeza namna gani kuishika.

Nimesema bila kuuzungusha mkono, na hapo ndipo karibu kila mtu anapojidanganya. Mwili ni mwerevu. Kidole kisipofika, kiganja hujisogeza chenyewe kuelekea upande wa triga, na mtutu unaacha kufuata mstari wa kigasha. Kidole kimefika, mwenye duka anafurahi, mume anatoa pesa. Lakini sasa mgongo wa bastola umeegemea kiungo cha kidole gumba, na kila risasi inapiga pale kwenye mfupa. Baada ya nusu saa kiungo kinavimba. Risasi nazo zinatawanyika, kwa kuwa ncha ya kidole haivuti triga moja kwa moja nyuma, inaisukuma kando. Mwanafunzi anaambiwa anaogopa mlio. Haogopi mlio! Ameshikishwa kitu ambacho mkono wake hauwezi kukizunguka.

Watengenezaji walilielewa hili zamani. Glock walipotoa kizazi cha nne mwaka 2010 walipunguza umbali wa triga kwenye mpini wenyewe kwa milimita 2, wakaweka migongo ya kupachika kwa wenye mikono mikubwa. Milimita 2 unaweza kuzidharau. Kwa kidole kifupi ndizo zinazotenganisha ukucha na nyama. Kwa hiyo ukipewa Glock ya kizazi cha nne au cha tano, kwanza uliza kama ule mgongo wa ziada umetolewa. Mara nyingi haujatolewa, na hakuna aliyewaza kuutoa.

Ceska, yaani bastola za CZ, ndiyo inayonipa shida zaidi, maana hapa kwetu inapendwa na ina haki ya kupendwa. CZ 75 ni nzito, imetulia, na mpini wake unajaa kiganja vizuri sana. Kila mwanamke akiishika hutabasamu. Kisha namwambia aweke kidole kwenye triga nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ilipuke, ikiwa chini, kama itakavyokuwa kwa risasi ya kwanza, na triga iko mbele kabisa. Haifikiki. Nyundo ikishavutwa nyuma triga inasogea karibu na mambo yanakuwa mepesi, na ndiyo maana risasi ya pili huenda vizuri. Lakini huwezi kuanza na risasi ya pili. Ziko CZ 75 zinazoruhusu kubebwa nyundo ikiwa nyuma na sefti (kizuizi cha kufyatuka) ikiwa imefungwa. Ni suluhisho zuri kwa mtu mwenye mazoezi mengi. Kwa anayepiga mara mbili kwa mwaka nasita kulipendekeza. Halafu slaidi ya Ceska imezama ndani ya reli za mwili, hivyo vidole vina sehemu ndogo ya kukamata wakati wa kukoki.

Kuhusu kukoki nitakuwa mfupi, kwa sababu wengi wanaoambiwa hawana nguvu wanayo, hawakufundishwa tu. Lete bastola karibu na kifua, mdomo ukielekea kwenye shabaha. Funika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu, usiibane kwa ncha za vidole viwili. Kisha shikilia slaidi na usukume mpini mbele kwa nguvu ya bega. Kwenye silaha ya nyundo, vuta nyundo kwanza. Slaidi haitalazimika kuisukuma na itakuwa nyepesi. Mama wa miaka sitini aliyeelezwa hivyo anakoki Glock 19 bila kuomba msaada.

Wapo wasioweza hata hivyo. Baridi yabisi ya vidole haidanganywi kwa mbinu. Kwa hao, Smith & Wesson Shield EZ, ya .380 tangu 2018 na ya 9mm tangu 2020, ina slaidi rahisi kweli kweli. Ila ina sefti mgongoni mwa mpini inayotaka kubonyezwa na kiganja, na mwenye kiganja chenye bonde wakati mwingine haibonyezi sawasawa akishika kwa haraka. Vitabu husema mazoezi yatarekebisha. Mimi sina uhakika huo, na simwachii mtu EZ kabla sijamwona akiitoa kwenye mfuko wake na kuishika upesi mara nyingi bila kukosea.

Rivolva je, ile bastola ya silinda inayozunguka? Nimeshabadilisha mawazo zaidi ya mara moja na bado nayumba. Haina slaidi ya kukoki, ni kweli. Lakini triga ya rivolva ndogo kama Smith & Wesson 642 inataka kilo tano na zaidi ili ifyatuke, na kidole chenye maumivu kitazivuta hizo kilo kila risasi. Zaidi ya hayo, ina mwili wa alumini, chini ya nusu kilo, na teke lake ni adhabu. Rivolva ya chuma chote, nzito, yenye mpini mwembamba wa mpira, hiyo naikubali kwa nyumbani. Ile nyepesi inayouzwa kama zawadi kwa mke siikubali.

Rangi sina la kusema. Waridi, zambarau, chagua upendayo baada ya kidole kufika.

Ninasisitiza haya kwa sababu kwa sheria yetu ya silaha hapa Kenya, Sura ya 114, bastola unayonunua inaandikwa kwenye cheti chako. Hairudishwi dukani Jumatatu kama kiatu kilichobana. Ukitaka kubadilisha unarudi kwa makaratasi na Bodi ya leseni za silaha, na wengi huchoka, wakaifungia sefuni ile isiyowafaa na kubaki hawana mazoezi yoyote. Kwa hiyo usilipe kabla hujapiga. Njoo uwanjani na uombe kupiga angalau aina tatu, magazini nzima kila moja, kwa mikono miwili na kisha kwa mmoja. Zijaze magazini mwenyewe, maana springi ya magazini ya risasi kumi na tano nayo huwashinda wengi, na ipo zana ndogo ya kujazia ambayo ningeinunua kabla ya holista, yaani ala ya kubebea bastola. Na aliyekusindikiza, kwa heshima zote, akae nje ya mstari wa kupigia mpaka umalize kuchagua.