Kumuuguza mgonjwa wa korona nyumbani: maswali na majibu

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Virusi vyenyewe havikwenda popote. Watu bado wanaambukizwa, na walio wengi huuguzwa nyumbani na jamaa zao mpaka wapone. Majibu haya ni kwa ajili ya yule anayeuguza. Ana kazi nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ni kuichunga pumzi ya mgonjwa wake.

Nani anaweza kuuguzwa nyumbani?

Mwenye homa, mafua, kikohozi, koo linalouma na mwili mchovu, lakini anapumua bila taabu, anakunywa maji na akili zake ni timamu. Ila wako wasiopaswa kungoja wazidiwe ndipo watafute ushauri: mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, mjamzito, mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, figo, mapafu au saratani, na yeyote mwenye kinga dhaifu. Hawa wawasiliane na mtoa huduma ya afya mara tu dalili zinapoanza, hata kama wanajisikia vizuri. Zipo dawa za kuzuia virusi visizaliane mwilini, nazo zinapaswa kuanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili ya kwanza. Ukichelewa, nafasi hiyo imepita. Mweleze daktari dawa zote ambazo mgonjwa anatumia, kwa sababu baadhi hazipatani.

Mbona juzi alipata nafuu na leo amezidiwa?

Hili ndilo linalowakuta wengi bila kujiandaa. Siku za mwanzo virusi ndivyo vinavyosumbua: homa, koo, maumivu ya mwili. Kisha kwa baadhi ya wagonjwa, kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, kinga ya mwili huchachamaa kupita kiasi na kuanza kuyaumiza mapafu. Homa inaweza kuwa imeshuka, mgonjwa ameanza kuoga mwenyewe, na anayemuuguza ameanza kupumzika. Hapo ndipo pa kuongeza macho.

Kwa hiyo andika mahali tarehe ya dalili ya kwanza; si tarehe ya kipimo wala siku aliyolala kitandani. Daktari atakuuliza hiyo kwanza, na wewe mwenyewe utajua siku zipi za kumtazama asubuhi, mchana na usiku.

Nitaichungaje pumzi yake?

Mwache apumzike, kisha hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima, bila kumwambia, maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha upumuaji. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Akizidi 24, piga simu kuomba ushauri. Akifika 30, mpeleke hospitali. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, mara 40 au zaidi ni kasi ya hatari. Wa miezi 2 hadi 11, mara 50. Na kichanga chini ya miezi 2, mara 60.

Ukiwa na oksimita, kile kifaa kinachobanwa kidoleni, kitumie angalau mara mbili kwa siku. Mgonjwa akae ametulia, mkono uwe na joto, kucha zisiwe na rangi, na usubiri namba itulie. Kwa mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wa mapafu, asilimia 95 kwenda juu ni salama. Kati ya 90 na 94, tafuta huduma siku hiyo hiyo. Chini ya 90, usingoje kupambazuke. Korona ina hila moja: oksijeni inaweza kupungua sana damuni na mtu asihisi kubanwa, akaendelea kuongea na wageni. Ndiyo maana neno lake "niko sawa" halitoshi.

Oksimita nayo ina udhaifu wake. Kwa watu wenye ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Mgonjwa akitweta huku kifaa kikionyesha 95, mwamini mgonjwa.

Dalili zipi ni za kukimbilia hospitali?

Kushindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Maumivu au mgandamizo kifuani usioisha. Kuchanganyikiwa, au kusinzia kiasi cha kutoamka vizuri. Midomo, ulimi au ufizi kugeuka rangi ya kijivu au bluu. Kwa ngozi nyeusi tazama ndani ya mdomo na chini ya kucha. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kwani ugonjwa huu huweza kugandisha damu. Kwa mtoto, kukataa kunyonya au kunywa, na kifua kuingia ndani anapovuta pumzi. Moja tu inatosha.

Nimpe dawa gani?

Kwa homa na maumivu, parasetamoli. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, na kabla ya kumpa soma kama dawa ya mafua anayotumia nayo ina parasetamoli ndani. Watoto hupewa kulingana na uzito wao, na wasipewe aspirini. Kijiko cha asali hutuliza kikohozi, lakini si kwa mtoto chini ya mwaka 1. Anywe maji mara kwa mara mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu. Dawa zake za kila siku, za presha, kisukari au VVU, aendelee nazo. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi ya kawaida.

Antibiotiki haziui virusi. Ninachohofia zaidi ni deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili. Mwezi Juni 2020 jaribio la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionyesha kwamba dawa hii ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Habari ikaenea, watu wakaanza kuinunua. Lakini jaribio lile lile halikuona faida yoyote kwa wasiohitaji oksijeni. Kwa mgonjwa wa nyumbani inaweza kupandisha sukari na kudhoofisha kinga, wakati anaihitaji.

Je, kujifukiza kunasaidia?

Mvuke unaweza kulegeza makamasi. Hauui virusi, na watu wameungua kwa maji ya moto, hasa watoto. Mimi nisingemfukiza mtoto kabisa.

Tunalala chumba kimoja. Tutajikingaje?

Anzeni na hewa, kwa sababu virusi hivi huelea hewani. Madirisha yawe wazi kadiri inavyowezekana, mgonjwa alale karibu na dirisha, na vitanda vipishane kichwa na miguu. Mgonjwa na anayemuuguza wavae barakoa wanapokuwa pamoja. Mwuguzaji awe mmoja, ikiwezekana mwenye afya njema na aliyechanjwa. Vyombo huoshwa kwa sabuni kama kawaida. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono.

Aache kujitenga lini?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Januari 2023 unasema siku 10 tangu dalili zianze, au mapema zaidi kipimo cha haraka kikionyesha hana virusi. Asiye na dalili, siku 5. Nchi nyingine zina kanuni fupi zaidi, basi fuata za kwenu.

Amepona, mbona bado anachoka?

Uchovu wa wiki kadhaa ni wa kawaida. Arudi kazini na mazoezini polepole, na akiona kila akijitahidi siku inayofuata analala hoi, apunguze. Dalili zikiwa bado zipo miezi mitatu baada ya kuugua, na zimedumu miezi miwili au zaidi bila sababu nyingine, huenda ni UVIKO wa muda mrefu, ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, asiambiwe anajidekeza. Na aliyepoteza uwezo wa kunusa, mwingine ndani ya nyumba amwangalizie gesi, moshi na chakula kilichochacha mpaka pua yake irudi.