Je, wajua? Wahispania 500 waliuangushaje mji wa Tenochtitlan?

Februari 1519 Hernán Cortés aling'oa nanga Cuba akiwa na merikebu 11, askari wapatao 500, farasi 16 na mizinga michache. Agosti 13, 1521, Tenochtitlan, mji mkuu wa Wamexica ambao vitabu vingi huwaita Waazteki, ulikuwa umebaki kifusi na harufu ya maiti.

Ukiipiga hesabu, haitoki. Mji ule ulikaa juu ya kisiwa katikati ya Ziwa Texcoco, ukiunganishwa na nchi kavu kwa njia za tuta zilizokatizwa na madaraja ya kuondoleka. Cortés mwenyewe alimwandikia mfalme wake kuwa ulikuwa mkubwa kama Sevilla au Córdoba, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa watu wake walizidi laki moja. Mtu 500 wanauangushaje mji wa namna hiyo?

Majibu mawili ndiyo yaliyoenea. La kwanza ni kwamba wenyeji walimdhania Cortés kuwa mungu Quetzalcoatl aliyerejea, wakakunja mikono. Hadithi hii inapendeza kusimuliwa, lakini barua za Cortés, zilizoandikwa vita vikiendelea, hazimtaji Quetzalcoatl hata mara moja. Ilikuja kunoga miongo kadhaa baadaye, katika maandishi ya watawa wa Kikatoliki na wanafunzi wao. Isitoshe, tazama matendo ya wenyeji. Tabasco, pwani, walimpiga vita Machi 1519. Tlaxcala walimpiga vita Septemba, wakaua na farasi. Huyo si mungu, ni mvamizi.

Jibu la pili ni silaha, na hapa tuwe waadilifu. Upanga wa chuma ulikuwa bora kuliko rungu lililopangwa vipande vya jiwe jeusi la volkano, na kwenye uwanja wazi farasi alitisha kwelikweli. Lakini silaha hizo hizo zilikuwa mikononi mwa Wahispania usiku wa Juni 30, 1520, walipojaribu kutoroka Tenochtitlan kwa siri. Wamexica waliwazingira juu ya tuta kwa mitumbwi, na mamia ya Wahispania wakafia ziwani, wengine wakizamishwa na uzito wa dhahabu waliyoiba. Kama chuma na baruti vingetosha, vingetosha usiku ule.

Jibu lenyewe limejificha katika jina ambalo masimulizi mengi hulipita mbio: Tlaxcala.

Dola ya Wamexica haikuwa nchi moja yenye watu wanaojiona ndugu. Ilikuwa miji mingi iliyoshindwa vitani na kulazimishwa kupeleka kodi Tenochtitlan kila mwaka: mahindi, pamba, kakao, manyoya ya ndege, na mara nyingine watu wa kutolewa kafara. Katikati ya dola hiyo, Tlaxcala ilikuwa imekataa kusujudu. Ilikuwa huru, lakini imezingirwa pande zote. Wamexica waliwazibia njia za biashara, na Watlaxcala wakaishi miaka mingi wakila chakula bila chumvi na kuvaa nguo za nyuzi za mkonge kwa kukosa pamba. Ukitaka kuielewa vita hii, anzia kwenye chungu kisicho na chumvi.

Cortés aliyajuaje haya yote? Aliambiwa, na aliyekuwa akitafsiri alikuwa msichana. Baada ya vita ya Tabasco, wakubwa wa huko walimpa wanawake 20 kama zawadi. Mmoja wao, aliyejulikana baadaye kama Malintzin, lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kinahuatl, lugha ya Wamexica, na Kimaya alikijua kwa kuwa alikuwa ameingizwa utumwani miongoni mwa Wamaya. Mhispania mmoja, Jerónimo de Aguilar, alikuwa amezama na merikebu mwaka 1511 na kukaa miaka minane kwa Wamaya. Basi maneno yalitembea hivi: Cortés kwa Aguilar, Aguilar kwa Malintzin, Malintzin kwa wafalme. Punde akajifunza Kihispania, na Aguilar akawa hana kazi tena. Wapo Mexico wanaomwita msaliti mpaka leo. Mimi nashindwa kumhukumu binti aliyeuzwa kisha akagawiwa kama mzigo. Ni kabila gani alilokuwa na deni nalo?

Watlaxcala walipigana na Cortés kwanza, kwa siku kadhaa, na wangeweza kummaliza. Kisha wazee wao wakapima. Hawa wageni wachache wana silaha za ajabu, na wanakwenda kwa adui yetu. Kuna faida gani kuwaua hapa? Wakafanya urafiki. Cortés alipoingia Tenochtitlan Novemba 8, 1519 na kupokewa na Moctezuma, mfalme wa Wamexica, nyuma yake walikuja maelfu ya mashujaa wa Tlaxcala.

Lakini saa iliyoamua mambo ilikuja baadaye, katika Julai 1520, baada ya ule usiku wa ziwani. Moctezuma alikuwa amekufa akiwa mateka wa Wahispania. Cortés alirudi Tlaxcala na mabaki ya jeshi, karibu kila mtu na jeraha lake. Wakati huo huo wajumbe kutoka Tenochtitlan wakafika na ujumbe wa mfalme mpya, Cuitláhuac: tusahau yaliyopita, tuwaue wageni hawa pamoja. Baraza likagawanyika. Kijana Xicotencatl, jemadari aliyepigana na Wahispania mwaka uliotangulia, alitaka wajumbe wakubaliwe. Mzee Maxixcatzin alikataa katakata, na inasimuliwa kuwa alimsukuma kijana yule akaporomoka ngazini. Baraza likamfuata mzee. Wangesema vinginevyo, leo Cortés angetajwa kama mvamizi mwingine aliyeliwa na nchi.

Hawakusema hivyo bure. Miaka mingi baadaye Watlaxcala walitoa ushahidi kwamba walikuwa wamedai mambo mahsusi: sehemu ya nyara, mji jirani wa Cholula, na kutotozwa kodi kamwe. Kwa macho yao, Wahispania ndio waliokuwa askari wa kukodi.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwaka 1520 gavana wa Cuba alituma kikosi kingine, chini ya Pánfilo de Narváez, kumkamata Cortés kwa kukaidi amri. Cortés aliwashinda na kuwachukua wengi wao wawe askari wake, lakini merikebu zile zilishusha na ndui. Ulaya na Afrika waliijua ndui kwa vizazi vingi, na aliyeugua utotoni akapona hakuugua tena. Huko Mexico hakuna aliyewahi kuugua, kwa hiyo nyumba nzima ililala kwa mpigo, mama, baba na watoto. Wazee walioshuhudia waliwasimulia watawa kuwa wengi hawakuuawa na vipele bali na njaa, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuinuka kuwapa hata maji. Cuitláhuac alikufa baada ya kutawala siku zipatazo 80. Ndui haikuchagua upande pia: mzee Maxixcatzin ilimchukua vilevile.

Ndipo ukafuata mzingiro, na hapa ndipo unapoona nani alifanya kazi. Ili kulitawala ziwa, Cortés alihitaji mashua kubwa 13. Mbao zilikatwa Tlaxcala, zikapasuliwa, zikabebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi maelfu kuvuka milima hadi mji wa Texcoco. Huko ukachimbwa mfereji wa kuziteremsha majini, na Cortés aliandika kuwa watu 8,000 waliuchimba kwa siku 50. Wanawake wa miji rafiki ndio walioandaa chakula cha jeshi, chapati za mahindi, nafaka hii hii tunayosongea ugali na ambayo asili yake ni Mexico. Wahispania katika mzingiro hawakufika elfu moja. Wenyeji walioshirikiana nao, kutoka Tlaxcala, Texcoco, Cholula, Huejotzingo na kwingineko, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mfereji wa maji matamu kutoka Chapultepec ukakatwa. Mji ukafa kwa kiu, njaa na maradhi, mtaa baada ya mtaa, mpaka mfalme kijana Cuauhtémoc alipokamatwa ndani ya mtumbwi.

(Hata hao "Wahispania" hawakuwa Wahispania wote. Alikuwamo Juan Garrido, Mwafrika aliyepitia Ureno kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 1538 aliandika maombi kwa mfalme akijitambulisha kuwa mtu wa kwanza kupanda ngano katika nchi ile.)

Xicotencatl kijana hakuushuhudia mwisho. Alipoliacha jeshi mwaka 1521, Wahispania walimnyonga.

Wapo wanaosema kwamba Watlaxcala waliiuza nchi yao. Hapakuwa na nchi iitwayo Mexico wakati huo, wala hapakuwa na Mtlaxcala aliyeamka asubuhi akajiona "mwenyeji wa Amerika" pamoja na yule anayemnyima chumvi. Kilichowapata ni kwamba walimjua adui mmoja kwa undani na wa pili hawakumjua kabisa. Hawakuweza kujua kuwa nyuma ya watu 500 kulikuwa na merikebu nyingine zisizokwisha.

Ahadi walizifuatilia mahakamani na kwa safari za baharini. Wajumbe wao walivuka hadi Hispania kumwona mfalme, na mwaka 1535 mji wao ukapewa nembo na jina la Mji Mwaminifu. Watu wao hawakugawiwa mabwana wa Kihispania kama wengine. Kodi, hata hivyo, iliwafikia, na walilipa kwa mahindi.

Mwaka 1591 serikali ya kikoloni iliomba familia 400 za Tlaxcala zihamie kaskazini, kwenye nyika ambako makabila mengine yalikuwa bado yanapigana na Wahispania. Watlaxcala walikubali baada ya masharti yao kuandikwa na kutiwa sahihi: wasitozwe kodi, waruhusiwe kubeba silaha, na waruhusiwe kupanda farasi.